Kupunguza Funguo: Jinsi ya Kufunga Trela, Masanduku na Jenereta kwa Funguo Mbili Tu

Mtu akinunua trela yake ya kwanza, haipiti wiki mbili kabla hajauliza swali ambalo nimekwisha kulijibu mara nyingi mno kwa mdomo. Wanaouliza ni wenye mahema na viti vya kukodisha hapa Nakuru, wapiga muziki wa sherehe wanaopanda na kushuka kati ya Kericho na Kisumu, na siku hizi hata familia zilizojitengenezea gari la kupigia kambi ili zilale kando ya Ziwa Elementaita. Wote wanataka kujua namna ya kufunga kila kitu bila kutembea na shada la funguo linalotoboa mfuko wa suruali.

Shada langu lilikuwa na funguo 14, na nne kati ya hizo sikujua zilifungua nini. Niliamua kulipunguza baada ya arusi moja huko Njoro, ambako sanduku la nyaya za umeme lilikuwa limefungwa huku ufunguo wake ukiwa mfukoni mwa kijana niliyekuwa nimemtuma Gilgil. Bwana arusi alikuwa amekwisha kufika, kwa hiyo tukaazima grainda kwa fundi wa jirani tukakata kufuli, na cheche zikaruka hadi kwenye hema jeupe lililokuwa limekunjwa kando. Hema hilo lina matundu saba madogo mpaka leo, na kila ninapolikodisha mimi hulisimamisha upande wa jikoni.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: funguo hugawanywa kwa kufuata watu, wala si kwa kufuata vitu. Anayeweka ufunguo kwa kila kitu huishia na shada, na anayeweka ufunguo mmoja kwa vitu vyote hujikuta amemkabidhi kibarua wa siku moja ghala lake zima. Kwa biashara ndogo au familia, funguo mbili zinatosha.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Tenga asubuhi moja ambayo trela haina kazi, kisha uwe na vitu hivi karibu:

- makufuli yote uliyonayo na funguo zote, pamoja na zile zilizolala kwenye droo;
- futi ya kupimia au rula yenye milimita;
- daftari na kalamu;
- rangi ya kucha au rangi ya mafuta ya aina mbili;
- unga wa grafaiti, au penseli laini utakayoikwangua risasi yake kwa kisu;
- mnyororo wa chuma kigumu wa kufungia gurudumu;
- fedha za kununua makufuli yote kwa mara moja. Ikiwa fedha hazijatosha, ngoja zitoshe, kwa sababu nitakazozieleza katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Tandaza gunia, panga makufuli yote, kisha ujaribu kila ufunguo. Kila kufuli lililopata ufunguo wake liandike daftarini: linafunga nini, nani hulifungua, hufunguliwa mara ngapi, na kama linanyeshewa na mvua. Ufunguo usiokuwa na kufuli uondoe siku hiyo hiyo. Najua moyo husita, lakini ufunguo usiojulikana haujawahi kumsaidia mtu gizani.

Hatua ya 2: Gawa kwa watu

Soma daftari lako na uweke kila kufuli katika mojawapo ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mwenye mali, nalo linahusu vitu ambavyo vikifunguliwa mali inaondoka yote: kichwa cha trela, mnyororo wa gurudumu, mlango wa ghala na mnyororo wa jenereta. Kundi la pili ni la kazi, nalo linahusu vitu ambavyo vijana ni lazima wavifungue hata kama wewe hupo, kama vile sanduku la nyaya, kizimba cha viti na sanduku la vigingi na nyundo.

Ufunguo wa gari na ule wa nyumba unayolala usiuingize katika mpango huu. Nimeona watu wakifurahia wazo la ufunguo mmoja hadi wakafunga lango la nyumbani kwa kufuli lililotoka kwenye seti ya trela, kisha kibarua akatumwa kufungua sanduku akiwa na ufunguo wa lango mkononi.

Watu wengine huuliza kuhusu ufunguo mkuu, yaani mpangilio ambao kila kufuli lina ufunguo wake na juu yake kuna ufunguo mmoja unaofungua yote. Mpangilio huo hufaa hoteli au bweni la shule. Kwa mwenye trela mbili ni gharama zisizo na faida, na kwa kuwa pini za kufuli la aina hiyo, yaani vijiti vidogo vya ndani vinavyopandishwa na meno ya ufunguo, hukatwa mahali pa ziada, huwa kuna njia zaidi ya moja ya kulifungua.

Hatua ya 3: Pima

Namba iliyoandikwa kwenye kufuli, kwa mfano 40, 50 au 60, kwa kawaida ni upana wa mwili wake kwa milimita, nayo haisemi lolote kuhusu unene wa upinde, ile sehemu ya juu inayopita kwenye tundu. Kwa hiyo pima mwenyewe kipenyo cha kila tundu na unene wa bamba litakalofungwa. Upinde unaofaa ni ule unaolijaza tundu, kwa maana nafasi inayobaki ndiyo mwizi anayoingizia mtaimbo. Vivyo hivyo, upinde mrefu unafaa tu pale ambapo mfupi haufiki.

Kwa vitu vya kundi la mwenye mali, tafuta upinde wa chuma kilichofanywa kigumu, wenye milimita 10 au zaidi. Upinde mwembamba wa chuma laini hukatwa kwa mkasi mdogo wa vyuma unaoweza kufichwa ndani ya koti. Kusema kweli, hakuna kufuli la dukani linaloishinda grainda ikiwa mwizi ana umeme na muda. Unachonunua ni dakika na kelele, na ndiyo maana trela iliyofungwa vizuri mahali penye watu iko salama kuliko ile iliyofungwa kwa kufuli la bei kubwa nyuma ya ghala lenye giza.

Hatua ya 4: Nunua seti zote kwa mara moja

Mwambie mwenye duka la hadiwea kwamba unataka makufuli ya ufunguo mmoja, yaani yaliyotengenezwa kiwandani ili yote yafunguliwe na ufunguo ule ule. Kwenye pakiti za makampuni mengi huandikwa herufi KA. Hesabu makufuli ya kila kundi na uongeze mawili ya akiba, kwa sababu ukirudi baada ya miezi sita kutafuta moja linalolingana na yako, huenda usilipate.

Kabla ya kulipa, jaribu kila ufunguo katika kila kufuli, hapo hapo kwenye kaunta. Usione haya hata kama foleni ni ndefu. Ufunguo mzuri huingia bila kulazimishwa na huzunguka bila kutikiswa. Kisha linganisha namba iliyogongwa kwenye funguo: seti moja huwa na namba moja.

Hapa kuna mtego. Makufuli ya bei ya chini kabisa wakati mwingine hufunguliana bila kukusudiwa, na mnunuzi hudhani amepata bahati. Ndani ya kufuli la kawaida mna pini ndogo zinazosukumwa na springi, na meno ya ufunguo huzipandisha hadi kimo kinachotakiwa. Pini 5 zenye vimo 6 kila moja hutoa michanganyiko 7,776 kwa hesabu ya karatasi, lakini kufuli duni lenye pini tatu zilizochongwa ovyo hutoa michache sana. Kama makufuli mawili uliyoyachukua tu kwenye rafu yanafunguliana, basi jua kwamba na la jirani yako, aliyenunua kwenye rafu hiyo, huenda linafunguka kwa ufunguo wako.

Jambo hilo si la makufuli ya bei ndogo peke yake. Huko Marekani magari mengi ya kupigia kambi na trela za kulala yamekuwa yakiuzwa yakiwa na masanduku ya pembeni yanayofunguliwa na ufunguo wa namba moja, CH751, ambao mtu yeyote anaweza kuununua. Ikiwa umeagiza trela ya namna hiyo kutoka nje na ufunguo wake una namba hiyo, hesabu kwamba masanduku yake hayajafungwa, na ubadilishe vitasa kama nitakavyoeleza katika hatua ya saba.

Je, makufuli ya zamani yanaweza kugeuzwa yafuate ufunguo mmoja? Baadhi yanaweza. Lifungue kufuli na uchungulie ndani ya tundu ambalo upinde hutumbukia: ukiona skrubu huko chini, silinda yake hutoka, na fundi wa funguo ataweza kubadilisha pini. Hata hivyo, ufereji wa ufunguo, yaani umbo la tundu unamopita, ni lazima ulingane, kwa sababu pini zikipangwa sawasawa na ufunguo usiingie, hakuna ulichofanya. Makufuli mengi ya shaba ya bei nafuu yamezibwa kiwandani na hayana skrubu hiyo, kwa hiyo yatumie nyumbani kwenye banda la kuku.

Hatua ya 5: Andika namba, kisha uifiche

Namba ya ufunguo inaweza kumtosha fundi kuchonga ufunguo mpya bila kuuona ule wa asili. Iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, kisha kata kile kibati chenye namba kilichoning'inia kwenye funguo. Usipige picha ya funguo zako na kuiweka kwenye simu inayopita mikononi mwa watu, wala usiziweke mezani watu wakipiga picha za sherehe. Picha safi ya meno ya ufunguo humsaidia fundi mjanja kama ufunguo wenyewe.

Paka rangi kichwa cha kila ufunguo, kwa mfano nyekundu kwa mwenye mali na kijani kwa kazi, na upake nukta ya rangi hiyo hiyo chini ya kila kufuli. Usiandike "trela" wala "ghala".

Hatua ya 6: Funga trela

Hii ndiyo sehemu inayokosewa zaidi, kwa sababu trela huwa na hali mbili na kila hali ina kufuli lake.

Trela ikiwa imeungwa na gari, kichwa chake hushika ule mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, ambao kwa trela nyingi ndogo una kipenyo cha milimita 50. Kwenye mkono wa kufungulia kichwa hicho kwa kawaida kuna tundu dogo, na kufuli jembamba au pini yenye kufuli ikipita hapo, mkono hauwezi kuinuliwa. Kufuli hilo huzuia wizi kwenye maegesho na pia huzuia mkono kujifungua barabarani.

Trela ikiwa imeachwa peke yake, kufuli hilo halitoshi. Mwizi anaweza kuifunga trela kwa mnyororo kwenye gari lake na kuivuta polepole bila hata kufungua kichwa. Hapa unahitaji kifaa kinachojaza shimo la kichwa ili mpira usiingie, na pamoja nacho mnyororo wa gurudumu. Pitisha mnyororo ndani ya matundu ya rimu, uzungushe kwenye chesisi au ekseli, kisha uukaze hadi gurudumu lisizunguke hata nusu. Mnyororo uliozungushwa kwenye bawa la matope hauna maana, kwa sababu bawa hushikwa na bolti mbili au tatu tu. Vilevile usiache kufuli ligusane na ardhi, kwani kufuli lililokaa juu ya sakafu ngumu hupigwa nyundo kwa urahisi.

Angalizo la kwanza: kila unapofunga mnyororo wa gurudumu, funga kitambaa chekundu kwenye usukani wa gari. Kuna asubuhi niliyosahau, nikaondoka, na mnyororo ukaipinda rimu kabla sijafika langoni.

Angalizo la pili: ile minyororo miwili ya usalama inayounganisha trela na gari safarini isishikwe kwa kufuli badala ya pingu yake ya chuma. Kufuli halikutengenezwa libebe uzito wa trela iliyochomoka kwenye mteremko.

Hatua ya 7: Masanduku na milango midogo

Kwenye masanduku ya chuma, kinachovunjwa mara nyingi ni bamba la kufungia, wala si kufuli. Hakikisha bolti zake zinaingia kutoka nje na nati ziko ndani ya sanduku, au mwambie fundi wa jua kali alichomelee kabisa. Bamba lililoshikwa kwa skrubu zinazoonekana hufunguliwa kwa bisibisi, na kufuli hubaki zima likining'inia. Wakati wa kuchomelea, ondoa kufuli kwanza, kwa sababu moto huua springi za ndani na kuulainisha upinde.

Milango midogo ya gari la kambi huwa na vitasa vya silinda fupi, kama vya kabati za ofisini. Hivyo havitafuata ufunguo wa makufuli yako, lakini vyenyewe hupatikana katika seti za ufunguo mmoja. Pima kipenyo cha tundu, unene wa mlango na urefu wa ulimi wa nyuma, kisha ununue vyote pamoja. Ndiyo, utakuwa na ufunguo wa tatu. Uhesabu kuwa wa kazi.

Hatua ya 8: Jenereta, spika na vinginevyo

Mnyororo wa jenereta upite kwenye fremu yake ya bomba, usipite kwenye mpini, kwani mpini hufunguliwa kwa spana. Spika zikifungwa kwa waya wa chuma uliosukwa, waya huo utamzuia mpita njia mwenye tamaa, hautamzuia mwizi aliyekuja na mkasi.

Hatua ya 9: Nakala na makabidhiano

Chonga nakala zote kutoka ufunguo wa asili. Nakala iliyotokana na nakala hurithi kasoro za mbele yake na kuongeza zake, na kufikia ya tatu utakuwa unatikisa kufuli kwa dakika nzima. Ufunguo wa asili uweke nyumbani na usiutumie. Nakala za mwenye mali ziwe mbili, yako na ya mtu unayemwamini. Za kazi ziwe kadiri ya vijana wanaowajibika, na kila anayechukua atie sahihi daftarini anapouchukua na anapourudisha.

Matunzo, kulingana na mahali ulipo

Jina la Nakuru husemwa limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na mwenye kufuli la nje wakati wa kiangazi hana haja ya kubishana na hilo. Kosa kubwa hapa ni kutia mafuta ya injini ndani ya tundu la ufunguo. Kwa siku tatu kufuli huzunguka vizuri ajabu, kisha vumbi linanata kwenye mafuta na kugeuka tope. Tumia unga wa grafaiti kidogo tu: paka kwenye ufunguo, uuingize na kuutoa mara kumi, kisha uupanguse. Usichanganye grafaiti na mafuta. Ning'iniza kufuli tundu likiangalia chini, na ukipata lenye kifuniko cha mpira, lichukue.

Kwa wenzetu wa Kisumu na ufuoni mwa ziwa, adui ni unyevu. Mwili wa shaba na upinde wa chuma kisichoshika kutu vitadumu kuliko chuma cha kawaida, hata kama upinde huo ni laini kidogo kwa mkasi. Kwa hiyo weka la chuma kigumu ndani ya ghala na la shaba nje.

Matatizo ya kawaida

*Ufunguo unaingia lakini hauzunguki.* Jaribu ule wa asili. Ukizunguka, nakala ndiyo mbovu. Usipozunguka, puliza tundu, tia grafaiti, kisha sukuma upinde ndani kwa mkono mmoja huku ukizungusha kwa mwingine, maana mara nyingi mnyororo uliokazwa huwa unauvuta upinde na kuibana komeo ya ndani.

*Ufunguo umekwama.* Usiuvute kwa upande. Urudishe mahali ulipoingilia, gonga mwili wa kufuli taratibu kwa ubao, kisha uutoe ukiwa umenyooka. Ufunguo uliokunjika hata kidogo usiunyooshe na kuendelea kuutumia, kwa kuwa safari ijayo utavunjikia ndani.

*Kufuli limejifunga na ufunguo uko ndani ya sanduku.* Kwa kundi la kazi nunua makufuli yasiyoachia ufunguo mpaka yafungwe. Yanaudhi mwanzoni, lakini yanamaliza tatizo hili.

*Kufuli limeshika kutu.* Tia dawa ya kulegeza kutu, liache usiku kucha, lizungushe mara nyingi, kisha likaushe kabisa kabla ya kutia grafaiti. Kutu ikiwa imekula upinde, lisitumike tena nje.

*Kufuli linafunguka kwa kuvutwa au kugongwa.* Springi imekufa. Halitengenezeki.

*Ufunguo wa kijani umepotea.* Kama ulipotelea njiani kati ya Molo na Kericho na haukuwa na maandishi yoyote, chonga mwingine na uandike daftarini. Kama umepotelea kwenye shughuli ambako watu waliona sanduku lako likifunguliwa, badilisha makufuli ya kundi hilo.

*Ufunguo mwekundu umepotea.* Usisubiri kesho. Usiku huo trela ilale ndani ya ua uliofungwa, na asubuhi ununue seti mpya ya kundi zima, pamoja na yale mawili ya akiba. Makufuli uliyoyatoa yasirudi kwenye droo: mpe fundi ayakate upinde, kisha uyauze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.